Kinyama cha Bi Somoe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na kila nikuonapo unatoka kwenda kazini na koti lako jeupe, siku ile hunirudia. Nilikuwa tabibu wa meno mgeni katika zahanati ndogo huku Chang'ombe, nimetoka chuoni karibuni, najiona najua kila kitu. Akaja Bi Somoe, muuza maandazi wa Mbagala, amejiziba mdomo kwa kanga. Alipofungua, nikaona ufizi wa mbele umeota kinyama chekundu, kama harage, kikiguswa kinatoa damu.

Mzee Komba, mkuu wangu, alikata kipande kidogo akatoka nacho ili kipelekwe maabara. Tukabaki wawili.

"Ni nini hiki, baba?" Bi Somoe akaniuliza.

Sikuwahi kukiona kitu kile, hata kwenye picha. Lakini niliona haya kusema sijui. Nikakohoa kisomi, nikamwambia, "Inaelekea ni kansa, mama. Jiandae."

Baada ya wiki mbili majibu yakarudi, yeye hakurudi. Haikuwa kansa. Ulikuwa uvimbe wa nadra wa ufizi, usiosambaa wala kuua; unakatwa, meno yanasafishwa, mtu anaendelea na maandazi yake. Nilipoungama nilichomwambia yule mama, Mzee Komba alinitazama mpaka nikainamisha kichwa.

"Karatasi hii utaipeleka wewe mwenyewe," akasema.

Nilimkuta kibarazani kwake, amekonda, jiko la maandazi limejaa vumbi. Doti zake zote za kanga alikwishawagawia binti zake, akabakiza ile aliyovaa. Na wale binti, Mungu anisamehe kwa kucheka, walikuwa wamejifunga kanga hizo hizo, wanamlilia naye yupo. Nikawasomea majibu, nikaomba radhi. Bi Somoe akaipokea ile karatasi.

"Wiki mbili nimelala na kifo, baba," akasema. "Ungeniambia hujui, ningelala na wasiwasi tu."

Kisha akawageukia wanawe. "Na nyie, nirudishieni kanga zangu!"

Walicheka wote. Mimi nilishindwa, nililia mbele yao kama mtoto. Wiki iliyofuata Mzee Komba alimkata kile kinyama, nami nilimshikia taa.

Mwanangu, vinyama vya ufizi hufanana, na macho peke yake hayatoshi. Kata kipande, peleka maabara. Mgonjwa akikuuliza nawe hujui, mwambie, "Sijui bado, mama, tusubiri majibu." Hutapungukiwa kitu. Na majibu yakifika, usingoje aje. Mtafute siku hiyo hiyo, maana huko nyumbani huenda ameanza kugawa kanga.

Mungu akupe mkono mtulivu na ulimi usio na papara, na kila atakayefungua kinywa mbele yako arudi kwake akawashe jiko. Amina.