Fundi wa Makochi na Vidonge vya Kifafa

Kaka yangu alikuwa fundi wa makochi kwa miaka thelathini na mmoja. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango mpana, na ukiingia ulikanyaga vipande vya sponji kabla hujamwona mwenyewe. Misumari midogo aliibana kwa midomo, akaongea ikiwa mdomoni hivyo hivyo, na wateja walimwelewa. Kochi likikamilika alijitupa juu yake kwa kishindo, kama mtu aliyeletewa habari mbaya. "Kochi zuri ni lile linalokupokea siku mbaya," alisema. "Siku njema hata jiwe linakalika."

Wifi yangu, mkewe, ndiye aliyekata vitambaa. Mimi ni dada yake mdogo, mtunza stoo wa shule, na kwa kuwa karatasi hainipiti bila kusomwa, kaka aliniita Msajili.

Saratani ilimwanzia kwenye tezi dume, ikahamia uti wa mgongo. Alipewa mofini ya maji, kila baada ya saa nne, nami nikachukua likizo ili nimsaidie wifi. Maumivu ya kiuno yalitulia. Lakini mguu wa kushoto uliendelea kuwaka.

"Msajili, nani kaniwekea pasi ya moto mguuni?"

"Hakuna pasi, kaka."

"Basi izimeni hiyo hiyo isiyokuwepo."

Alikuwa anamngoja binti yake wa pekee, anayefanya kazi mbali na kupata likizo ya siku kumi kwa mwaka. Safari iliyopita walikwaruzana kwa sababu ya mchumba aliyemleta nyumbani. Kaka alisema maneno mazito, na sasa alitaka kumwomba radhi. Nilimshauri ampigie.

"Mtoto haombwi radhi kwenye simu kama unaagiza gundi," alinijibu. "Nataka nikae naye, akili zangu zikiwa kichwani. Basi."

Kliniki iliyofuata muuguzi aliongeza vidonge, asubuhi, mchana na jioni, akasema vitashirikiana na mofini. Foleni ilikuwa ndefu. Hakueleza zaidi, nami sikuuliza. Nyumbani nilifungua boksi na kusoma karatasi ya ndani. Dawa ya kifafa.

"Kifafa?" wifi alishangaa. "Humu ndani nani ana kifafa?"

"Nadhani wamechanganya mafaili."

"Si upige simu uulize?"

"Nitauliza kliniki ijayo. Dawa mbili kali zikikutana mwilini, tutamlaza asiamke."

"Haya. Wewe ndiye msomi wetu."

Nikaviweka kabatini, nyuma ya vikombe. Kliniki ilikuwa baada ya wiki tatu.

Mguu ukazidi. Shuka likimgusa alipiga yowe. Kukaa kukamshinda kabisa. "Nimewakalisha watu maisha yangu yote," alisema, "leo mimi sina pa kuweka makalio." Nikampigia muuguzi.

"Vile vidonge anameza?" aliuliza.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mwanzo niliogopa kuonekana namkosoa. Sasa niliona aibu kuonekana nimekaidi. Nikajibu, "Anapata dawa zake zote, kwa wakati."

Basi akapandisha mofini. Wiki iliyofuata akapandisha tena. Kaka akawa mtu wa usingizi. Akizinduka anaungua, akitulia anaongea na watu wasiokuwepo, anawaagiza mbao.

Binti yake alifika katikati ya hayo. Kwa siku kumi alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda, amemshika baba yake mkono. Siku moja kaka alimkazia macho muda mrefu, tukadhani amemtambua. Akasema kwa upole, "Dada, samahani, kitambaa chako hakijafika. Pita wiki ijayo." Binti akacheka, kisha akatoka nje. Likizo ilipoisha akaondoka.

Siku nne baadaye tukaenda kliniki. Nilitoa lile boksi mkobani, likiwa halijapungua hata kidonge kimoja. Muuguzi hakupandisha sauti.

"Ni dawa ya kifafa kweli," alisema, "ila kazi yake si hiyo tu. Uvimbe umebana mshipa wa fahamu, ndiyo maana mguu unaungua. Maumivu ya namna hiyo mofini peke yake mara nyingi haiyawezi, hata ukiiongeza. Utampa usingizi tu. Hii inautuliza mshipa. Tunaanza kidogo kidogo, tunamwangalia, na mofini tunaishusha."

Siku ya sita shuka lilimgusa mguuni, akanyamaza. Siku ya tisa alikaa kwenye kochi, akamtania wifi kwamba chai yake ina maji mengi kuliko bomba.

Nikamweleza yote. Alitazama ukuta.

"Kwa hiyo zile siku kumi zingekuwa zangu."

"Pengine, kaka."

"Usimwambie mtoto."

Jioni hiyo alimpigia simu. Alimwomba radhi, nami nilikuwa chumba cha pili nikisikia sauti yake ikipanda kila mtandao ulipokatika: "Nasema nilikosea! Nilikosea, mama! Unanisikia?" Wiki tano baadaye alifariki, binti akiwa bado anaomba ruhusa kazini.

Baada ya mazishi tulikuwa tunaosha vyombo, binti na mimi.

"Shangazi, mbona baba alikuwa na akili timamu kwenye simu, baada ya mimi kuondoka? Nilipokuwa hapa hata hakunijua."

Kaka alikuwa amenikataza. Lakini uongo mmoja ulikuwa umenitosha. Nikamwambia kuhusu karatasi, kabati na lile jibu langu kwa muuguzi. Alisuuza sahani ile ile muda mrefu.

"Swali moja tu, shangazi," alisema. "Ungeuliza swali moja tu."

"Ndiyo."

Aliondoka kesho yake. Siku hizi hunipigia mara moja kwa mwezi. Ananisalimia vizuri, kwa heshima zote, kisha ananiomba nimpe mama yake simu.