Wivu wa Fundi Hija

Fundi Hija wa Temeke alibeba busha miaka tisa. Lilianza dogo, likakua mpaka likawa linamtangulia akitembea, na suruali akaziacha, akabaki na kanzu na msuli. Hakuona haya sana, maana wanaume wengi wa pwani walikuwa nalo. Alikuwa na cherehani yake barazani, na mke, Zuena, na binti mmoja, Somoe, aliyezaliwa kabla ugonjwa haujakomaa. Asubuhi Zuena alimfunga kwa kipande cha kanga ili uzito usimvute kiuno, kisha akaenda kukaanga vitumbua vyake. Katika miaka hiyo tisa Hija hakuwahi kumwonea wivu hata siku moja.

Mwaka 1953 busha liliingia usaha. Homa ikamwangusha, akapelekwa hospitali ya serikali mjini hajitambui. Alipozinduka alimkuta dresa mmoja, mfunga vidonda aitwaye Fransis, mtu wa bara mwenye maneno ya taratibu, amekaa kando ya kitanda.

"Fundi, busha limetoka," Fransis alisema. "Lakini kokwa zote mbili zilikuwa zimeoza. Daktari amezitoa. Angeziacha, leo tungekuwa tunakuzika."

"Zote?"

"Zote."

"Usimwambie mke wangu," Hija alisema, akageukia ukutani.

Aliporudi, Temeke ilimpokea kama bwana harusi. Wazee walimpa mkono, vijana wakamwambia sasa atacheza mpira. Akajishonea suruali, ya kwanza baada ya miaka mingi. Kule bombani wanawake walimwambia Zuena, "Umepata mume mpya, shoga," na Zuena akacheka akiwa na ndoo kichwani. Hija alisikia, akatabasamu nao. Kwa Zuena alisema daktari kamkataza mambo ya kitandani kwa miezi sita. Zuena aliitikia tu, "Haya."

Mwezi wa pili mwili ukaanza kubadilika. Alikuwa akikaa barazani asubuhi ya ubaridi, mara joto linampanda kutoka tumboni mpaka utosini, shati linalowa chapa, halafu baridi inamtetemesha. Ndevu zikapungua mpaka kinyozi akamtania kwamba anamnyima riziki. Nyonga zikanenepa. Kifua kikajaa na kuuma kikiguswa, ikabidi afumue mishono ya kanzu zake na kuziongeza upana, akiwa amejifungia chumbani. Miguu ilichoka mapema kwenye pedeli. Siku moja uzi ulikatika mara tatu, akajikuta analia. Kilichomtisha zaidi kilikuwa sauti. Alikuwa amesikia habari za matowashi wa majumba ya masultani, kwamba walisema kama watoto, basi kila alfajiri kabla ya kumsalimia mtu alikohoa na kujisikiliza. Sauti haikubadilika kamwe, lakini hofu hiyo ilikaa naye mwaka mzima.

Hamu nayo ilikwisha. Alimtazama Zuena akijipaka wanja, akaona ni mzuri, na mwili wake ukakaa kimya. Alidhani hamu ikiondoka, na wivu hautakuwa na kazi tena. Akakuta kinyume chake. Alianza kumchunguza mkewe kuliko alivyowahi kumchunguza alipokuwa mzima: kavaa kanga gani, kapita njia ipi, kwa nini kachelewa sokoni, nani kamsalimia.

Nyumba yao ilikuwa na chumba cha kupangisha, na mpangaji alikuwa Leodegar, karani wa bandarini, kijana wa Bukoba. Kila asubuhi Leodegar alitundika kioo kwenye mpapai uani akanyoa ndevu zake nyeusi, nene, zilizorudi kabla jua halijatua. Hija alisimama nyuma ya dirisha akiutazama ule wembe. Alizionea wivu zile ndevu kwanza. Wivu juu yake na Zuena ulikuja baadaye. Siku moja aliona Zuena akimfungia vitumbua vitano badala ya vinne, na Leodegar akasema, "Ahsante, mama Somoe," kwa sauti nzito iliyojaza ua mzima. Siku ile Hija hakula.

"Unampa vya zaidi kwa nini?" akauliza.

"Kimoja kilivunjika. Nani atanunua kilichovunjika?"

Hakuamini. Akaanza kwenda bombani wakati wa maji, akisingizia kunyoosha miguu. Akaacha kusali msikitini Ijumaa mbili ili asiondoke nyumbani.

Kisha Leodegar akamletea kitambaa cha kijivu, kizuri, amshonee suti. Hakusema ya nini. Alicheka tu kwa haya. Hija akapiga magoti na utepe kumpima mguu. Mapaja ya yule kijana yalikuwa magumu kama mti, na Hija alilazimika kupima mara mbili. Zuena akapita na sinia, akasema, "Usimbane kiunoni, Fundi, huyu ni mtu wa kula." Wakacheka wote wawili. Leodegar alipoondoka kwenda kazini, Hija alikitandaza kitambaa, akachora mistari yote sawasawa, kisha akaingiza mkasi katikati ya goti akakata hadi upande wa pili. Akakata na mguu mwingine. Alisikia raha kwa muda wa pumzi chache, kisha lile joto lake likampanda.

Zuena alimkuta hapo. Akaokota vipande, akavilinganisha, akaelewa.

"Huyu anamleta mkewe, Kokushubila," alisema. "Anashuka treni mwezi ujao. Suti ni ya kumpokelea. Aliona haya kukwambia, akaniambia mie."

"Kwa nini akwambie wewe?"

"Kwa sababu kwako hakuna anayeweza kusema neno siku hizi." Akaketi mkekani. "Bwana, unadhani sijui? Nilijua siku ya pili pale hospitali. Nilimbana yule dresa mpaka akasema. Nikangoja uniambie mwenyewe. Miezi minane nangoja."

Hija aliuweka mkasi chini. Kisha akauliza swali lililokuwa limemkaa rohoni. "Ulimtamani?"

Zuena hakukimbilia kukana. "Nilimtazama. Kumtazama tu. Mie si jiwe. Lakini busha lako nimelifunga kwa mikono yangu miaka tisa sikukuacha. Ukanionea aibu kwa kidonda?"

"Nikupe talaka yako?"

"Usinipe kitu ukiwa na hasira."

Siku ya tatu Zuena alimchukua Somoe, akaenda kwa dada yake Mbagala. Hija alimwendea Leodegar, akasema ameharibu kitambaa kwa uzembe, akanunua kingine akashona suti nzuri kuliko zote alizowahi kushona. Leodegar akaivaa kwenda kumpokea mkewe, na mwezi uliofuata wakahamia Kinondoni. Chumba kikabaki kitupu, na Hija akagundua kuwa wivu haukuhama. Sasa aliwaonea wivu wanaume wa Mbagala asiowajua.

Ilipita miezi miwili. Akaenda Mbagala kwa miguu, akapumzika njiani mara nyingi, akamkuta Zuena anachambua mchele. Akamweleza yote mbele ya dada mtu: kifua, jasho, machozi, kioo cha uani, na kwamba bado anaona wivu hata sasa hivi na hajui utaisha lini.

"Basi uwe unasema," Zuena alijibu. "Ukiuona unakuja, niambie."

Zuena akarudi naye Temeke. Hawakuwa tena mke na mume kwa namna ile ya zamani, na siku nyingine Zuena aligeukia ukutani saa nzima, naye Hija akajifunza kutomuuliza. Lakini Hija alisema. "Leo nimeuona kwa muuza samaki," alikuwa akisema, na Zuena alicheka, au alikasirika, wakaendelea kula.

Mwaka 1957 jirani yao Mwishehe alipatwa na busha, akawa anaogopa kisu. Hija ndiye aliyemsindikiza hospitali, na njiani akamwambia kila kilichompata, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mwanamume yeyote. Mwishehe alitoka salama, hakupungukiwa na kitu. Hija akamshika mkono, akamshukuru Mungu kwa ajili yake, na moyo wake ukachomwa na wivu mpaka machozi yakamlengalenga. Akaenda nyumbani moja kwa moja kumwambia Zuena.