Figa la Tatu Kando ya Mto Mkondoa

Jamani, leo tumepikia juu ya bomu!

Tulitoka kuangalia mahandaki ya vita vya Mjerumani hapa Kilosa. Kabla ya kuelekea Mikumi, tukapiga kambi mtoni.

Mafiga yalikuwa mawili. Nikaokota chuma chenye kutu mchangani, kikawa figa la tatu.

Moto umeshika, mama anakoroga maharage, mjomba akarudi na maji. Ni mwanajeshi mstaafu. Akaganda.

"Dada, njoo kwangu. Taratibu."

"Yataungua!"

"Nimesema njoo."

Akamshika mkono, tukaenda kulala kifudifudi nyuma ya tuta la reli.

Kimya. Nikaanza kuona tumejitisha bure.

Ndipo lile figa likalipuka.

Sasa tuko polisi. Mama hajauachia mkono wa kaka yake, wala hajaniangalia.

Nimwambie nini?