Mgongo wa Frigo

Frigo ile, jokofu la dukani, ilinichanganya tangu mwanzo. Tonton, kaka mkubwa wa mama, alikuwa amepewa na serikali duka la chakula pale mtaani Kadutu, enzi zile za Zaïre ambapo duka la mgeni liliweza kuamka asubuhi lina mmiliki mpya. Sisi tulikaa chumba cha nyuma. Mlango wa katikati aliuziba kwa kusimamisha frigo: uso dukani, mgongo kwetu. Dukani inagandisha, chumbani inachoma, na umeme ni ule ule! Nilimuuliza mwalimu, akanijibu kwa Kifaransa, nikazidi kupotea.

Baadaye bidhaa ziliacha kuja. Frigo ikabaki tupu, inanguruma kutwa kucha, na kila ikishtuka taa za jirani zinafifia. Tonton aliiacha ikiwaka kwa ajili ya heshima tu. Ukiifungua, anafoka: "Funga! Kuran haitokake mbinguni, inatokaka ku Ruzizi!" Kuran ndiyo umeme, na Ruzizi ni mto unaouzalisha.

Kisha mama akarudi kutoka hospitali ya Katana na mdogo wangu, aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, kama kuku aliyenyonyolewa. Masista walionya asipate baridi wala moshi. Mvua ilikuwa haikatiki, na mbabula, jiko letu la makaa, haikuruhusiwa ndani. Mama akamlaza nyuma ya frigo.

Siku chache tu baadaye, tonton akaja kuizima.

"Dada, iko inakula kuran bule. Mu ndani hamuna hata samaki moja."

"Yaya, iache ikule," mama akamwambia kaka yake. "Ukizima hii mashini, umezima mutoto."

Tonton akazunguka kwenda dukani, nami nikamchukia kwa moyo wote. Nikasikia mlango wa frigo ukifunguliwa. Nikangoja aufunge. Nilipochungulia, alikuwa ameukingia kreti tupu ya bia usijifunge, baridi inamwagika dukani, naye anatafuta koti lake. Huyu huyu! Mota ikanguruma bila kupumzika, na upande wetu joto likapanda. Hata leo nikikuta frigo imeachwa wazi katika alimentation, duka la chakula, naanza kukasirika, halafu sijui namkasirikia nani.

Mchana ule tone la jasho lilitokea kwenye pua ya mtoto. Mama akaligusa, akasema, "Iko na joto sasa," akaanza kulia. Mimi nikadhani mtoto anakufa, nikalia kumshinda.