Kizibo Alichonichongea Mkwe Wangu

Lori lile, likitoka Mtama na mzigo, lilikuwa likinizimikia mahali pamoja tu: kwenye kalavati, hatua chache kutoka nyumba ya mtalaka wangu. Najua linavyosikika jambo hilo. Mke wangu naye alijua, na hakulinyamazia.

Nilikuwa dereva wa chama kimoja cha ushirika, nikichukua korosho Mtama kuzipeleka Lindi. Pale kwenye kalavati zamani palikuwa pori tupu. Watu wa vijiji vya ndani walipohamishiwa barabarani kufanya kijiji cha ujamaa, mtalaka wangu, aliyekuwa akikaa na mama yake, akapewa kiwanja pale pale. Waliopima viwanja walikuwa watu wa serikali, si mimi. Lakini hebu mweleze mwanamke mwenye wivu habari za kupima viwanja, uone.

Lori lilianza kwa kusita. Unakanyaga mafuta, halivuti. Linashtuka mara mbili tatu, linakohoa, kimya. Nusu saa baadaye linawaka mara moja na kwenda mpaka Lindi bila taabu. Wakati wa kurudi, likiwa tupu, lilizima pia, kwenye kilima fulani mbele zaidi, lakini kule hakuishi mtu, kwa hiyo hakuna aliyehesabu.

Kwenye kalavati mtalaka wangu alikuwa akitoka na ndoo ya maji, anaitua kando ya barabara.

"Limekufa tena?"

"Limekufa."

"Pole."

Kisha anarudi barazani kwake kubangua korosho. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu yote, wallahi. Talaka niliitoa mimi, kwa hasira za siku moja, na sikumrejea.

"Gari gani hilo linalojua nyumba za watu?" mke wangu aliniuliza. "Milima yote linapanda, likifika kwa mwenzangu linaugua!"

Mwanzoni alisema kwa utani. Baadaye utani ukaisha, akafunga nguo zake furushi na kuliweka nyuma ya mlango. Akaniambia lori likizima pale mara moja tu tena, anarudi kwao Sudi, na maelezo hataki. Nilimpenda mwanamke yule, na niliogopa kweli.

Nilifungua kila kinachofunguka. Plagi nilisafisha, pointi nikazipiga msasa, kabureta nikaifungua mpaka skrubu ya mwisho, mrija wa petroli nikaupuliza mpaka masikio yakauma. Vipuri siku zile vilikuwa shida, ukipata umebahatika. Pampu niliifunga kitambaa chenye maji nikidhani ni joto. Lo, wapi! Shida ikabaki ile ile.

Fundi wa Lindi alikwishalijaribu mara tatu asione kitu.

"Gari zima hili, bwana," akasema. "Labda dereva ndiye mgonjwa."

Gereji nzima ikacheka. Nikamjia juu, nikamwambia ndoa yangu inavunjika naye anakenua meno. Hapo akafuta mikono.

"Likizima, unafanya nini?"

"Nafungua boneti. Namwagia pampu maji. Nang'oa kizibo cha tangi, nachovya kijiti nione kama petroli ipo, maana geji imekufa. Nasubiri, nawasha."

"Yote hayo kwa pamoja?"

"Yote."

"Sasa utajuaje kilicholiponya? Fanya moja, washa. Likikataa, fanya jingine."

Siku ile ile, wakati wa kurudi, lilizima kwenye kile kilima. Nikafungua boneti, nikawasha: kimya. Nikamwagia pampu maji: kimya. Nikakaa nusu saa nzima nikiwafukuza mbung'o, nikawasha: kimya. Nikaenda kung'oa kizibo. Fyuuu! Tangi likavuta pumzi. Nikawasha, likanguruma.

Mfuniko wenyewe wa tangi ulikuwa umepotea zamani. Kizibo kile cha mti alinichongea baba mkwe wangu wa Sudi, fundi wa mitumbwi, akakizungushia mpira wa tyubu. Kazi safi kabisa. Fundi wa mitumbwi kazi yake ni kuhakikisha hakipiti kitu, na hakikupita. Petroli ikawa inatoka na hewa haiingii, mpaka pampu inashindwa kunyonya. Mzigo wa Mtama ni ule ule na njia ni ile ile, basi pumzi zikawa zinakatika pale pale. Kumbe aliyekuwa akinisimamisha kwa mtalaka ni baba yake mke wangu! Nilicheka peke yangu pale kilimani kama mwehu. Nilipofika nyumbani nilimweleza mke wangu, hakuamini; nikachoma msumari motoni, nikakitoboa kizibo.

Safari iliyofuata nilimpakia mke wangu mbele. Alivaa kanga mpya na kulipakata furushi lake, ili likizima tu ateremke na kuendelea zake Sudi. Kalavati ikaonekana. Ndoo ilikuwa imekwisha kutuliwa kando ya barabara, imejaa, na mtalaka wangu amesimama mlangoni. Sikupunguza mwendo. Tulipita.

Mke wangu alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Nisamehe, mume wangu," akasema. "Kumbe ni baba!" Akalishusha furushi miguuni. Mimi niliangalia kwenye kioo, nikaona mtu akija kuichukua ndoo.

Juma la pili yake nilikwenda peke yangu. Petroli ilikuwa tele, kizibo kina tundu lake, injini haina hata kikohozi. Kando ya barabara hapakuwa na ndoo. Nilipofika kwenye kalavati nikakanyaga breki, nikageuza ufunguo, nikalizima kwa mkono wangu.

"Limekufa tena?" akauliza kutoka barazani.

"Limekufa," nikasema, nikashuka kufungua boneti.