Anayeonja uji usiofika ulimini

Saa moja asubuhi, Mama Vijiko anachovya kijiko kwenye jagi la uji mwepesi wa maziwa, anaonja, anakunja uso. Anaongeza sukari kidogo. Kisha anauvuta uji kwa bomba la sindano na kuusukuma taratibu kwenye mrija unaoingia puani mwa mgonjwa wa kitanda cha nne.

Uji huo haupiti ulimini, unakwenda moja kwa moja tumboni. Sasa sukari ya nini?

"Yeye ndiye aliyenifundisha," anajibu bila kuinua macho. "Chakula hakitoki jikoni bila kuonjwa. Leo nimpe ovyo ovyo kwa sababu hasemi?"

Mgonjwa alikuwa mpishi wa hospitali hii hii. Miaka ishirini na saba iliyopita, Mama Vijiko alipoajiriwa kuwa mhudumu, alianzia jikoni kwake. Mzee ndiye aliyembandika jina hilo, maana haikupita wiki bila Mama Vijiko kupoteza kijiko. Enzi hizo jiko lilichangamka: masufuria yanagongana, mzee anaimba wimbo wake mmoja tu, tena kwa kukosea maneno.

"Tulicheka mpaka mbavu zikauma," anasema. "Siku zile, we acha tu."

Miaka mitatu iliyopita mzee alianguka, damu ikavuja kwenye ubongo. Macho hufumbuka, lakini hayamfuati mtu. Madaktari wanasema hatazinduka tena. Hulishwa mara tano kwa siku. Mara tatu ni kwa mikono ya Mama Vijiko.

Mwezi uliopita daktari alimwita binti wa mzee, mwalimu wa shule ya msingi. Mrija umechakaa na pua imefanya vidonda. Je, uwekwe mwingine, au huu utolewe usirudishwe, mzee atunzwe tu asiumie mpaka siku yake ifike? Mwenyewe angetaka nini? Binti hakujua.

Mama Vijiko alijua. Zamani, mafua yalipomnyima mzee ladha, aliwaambia jikoni: "Siku nikishindwa kabisa kuonja, msinihangaishe. Zimeni jiko, mwende nyumbani." Walicheka. Kesho yake aliyarudia maneno hayo, na safari hii mzee mwenyewe hakucheka.

"Neno hilo nimekaa nalo miaka mitatu," anasema. "Niliogopa wataniona nimemuua. Na ukweli, mimi ndiye sikutaka aende."

Safari hii alimwambia binti. Binti alilia, kisha akauliza, "Shangazi, mbona hukuniambia mapema?" Ndugu walikaa kikao, wakavutana siku mbili, mwishowe wakakubaliana kwamba mrija utolewe Ijumaa.

Mama Vijiko ameomba zamu ya siku hiyo. Daktari amemruhusu kulowesha midomo ya mzee kwa matone ya chai, ya sukari nyingi kama alivyoipenda.

"Nitaonja mimi kwanza," anasema, akifuta kijiko kwa upindo wa sare yake. "Halafu nitamgusisha mdomoni. Na kijiko hicho sitakipoteza."