Mfuko wa Skafu Nyeupe

Mtaa mzima ulimwita Pindo, kwa sababu hakuna nguo iliyotoka kwenye cherehani yake bila kukunjwa pindo mara mbili. "Pindo moja ni la mwenye haraka," alikuwa akisema, "na mwenye haraka aende akanunue iliyokwisha shonwa." Wateja walicheka, na wakangoja.

Kila mwaka mahafali ya sekondari yalipokaribia, kibanda chake kilijaa skafu. Shule ilikuwa na desturi yake: klabu ikiitwa, wanachama wanaohitimu husimama, na mzazi hupanda jukwaani kumvika mwanawe skafu yenye rangi ya klabu hiyo. Miaka nenda rudi Pindo alikuwa akizishona, kisha anakaa kuwatazama wenzake wakivisha. Mwaka huu zamu ilikuwa yake. Binti yake alikuwa kiongozi wa klabu ya huduma ya kwanza, wale wanaokimbilia uwanjani na bandeji mtu akiteguka mguu.

Kazi aliletewa na mdogo wake, mwalimu mlezi wa klabu ya mdahalo. Mama yao alipofariki, Pindo ndiye aliyembeba mdogo wake huyo mgongoni, na kaptura yake ya kwanza ya shule aliishona yeye.

"Dada, anza na za mdahalo, za bluu."

"Na nyeupe za kina mpwa wako?"

Mwalimu aliinama kufunga kamba za viatu. "Shona tu, dada. Za bluu nitazipitia. Nyeupe uje nazo mwenyewe."

Akashona. Ile ya binti yake aliipima na kuipima tena, mtoto kasimama kimya, macho ukutani.

"Geuka basi, bibi harusi!" Pindo alimtania. Binti aligeuka bila kucheka. Mama akadhani ni woga wa jukwaa.

Siku ilipofika, Pindo alikaa mstari wa mbele, mfuko mapajani, roho imemjaa furaha. Mwalimu mkuu akashika kipaza sauti. Kuanzia mwaka huu, alisema, kama kikao cha walimu kilivyokubaliana, klabu iliyoleta kombe ndiyo itakayotambuliwa jukwaani. Makombe! Jamani, nani aliwahi kuandaa mashindano ya kumfunga mtu bandeji?

Wakaitwa wa mdahalo. Wazazi wakapanda, wakavisha, wakapigiwa makofi. Pindo aliyatazama mapindo yake yakipita mbele ya macho yake mabegani mwa watoto wa wenzake. Mdogo wake alikuwa jukwaani akigawa zile skafu, na hakutazama upande wa dada yake hata mara moja. Kikulacho ki nguoni mwako. Pindo alijiona ameuzwa, tena na mtu wa tumbo moja.

Alimsubiri getini, binti yake kando.

"Kwenye hicho kikao ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, dada. Wengi walikubali, sasa mimi ningefanya—"

"Sikuulizi wengi. Mkono wako ulinyoosha?"

"Nilinyoosha."

"Halafu ukaniacha nije na mfuko."

Binti ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo. "Mama, mjomba aliniambia mapema. Akaniomba ninyamaze mpaka umalize za bluu. Alisema ukijua utaziacha njiani."

Hapo ndipo Pindo alipoumia kweli. Kunyimwa jukwaa angelia, kisha angenyamaza. Lakini huyu aliyelelewa chini ya cherehani ile alimdhania kuwa fundi wa kuacha kazi ya watu.

"Ningezimaliza," alimwambia mdogo wake. "Zote. Na pindo mara mbili, kama ulivyoziona."

Kisha akamgeukia binti yake. "Siku ile nakupima, ulikuwa umeshajua?"

"Nilikuwa nimejua, mama."

Pindo aliukunja mfuko, akautia kwapani, akatangulia nyumbani peke yake.